Dawa ya Presha: Kushuka Si Kupona

SOMO LA KUJIFUNZA KATIKA KIKUNDI



Siku hizi ukiuliza katika mkutano ni nani anameza dawa ya presha, mikono haikosi kuinuka. Lakini ukiuliza hiyo dawa inafanya nini ndani ya mwili, watu wanaangaliana. Somo hili ni juu ya dawa moja inayotumika sana, nayo ni amlodipini. Kwenye pakiti utaona imeandikwa Amlodipine. Tumeichagua kwa sababu wengi wetu tumeandikiwa hiyo, na kwa sababu watu wengi huiacha wakati ule ule inapoanza kuwasaidia.

Lengo la somo: Mwisho wa mkutano kila mmoja aweze kueleza kwa maneno yake mwenyewe dawa hii inafanya kazi namna gani, na kwa nini hatuiachi presha ikishuka.

Vitu vya kuleta: Paipu laini ya kunyunyizia maji shambani, mtungi wa maji wenye mfereji, na pakiti za dawa ambazo wanakikundi wanatumia nyumbani.

Muda: Saa moja na nusu. Anayeongoza asome somo lote nyumbani kwanza.

1. HADITHI YA KUANZIA

Mmoja asome kwa sauti. Hadithi hii imetungwa kwa ajili ya somo.

Mama mmoja alikuwa mweka hazina wa kikundi chake. Alikuwa akiuza mboga sokoni, mtu wa nguvu, haugui ovyo. Siku moja alimpeleka mjukuu kliniki, naye akapimwa presha. Ikasoma 168 kwa 102. Akaambiwa arudi wiki iliyofuata, ikasoma karibu vile vile. Akapewa amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kila siku.

Baada ya miezi miwili alirudi. Presha ilikuwa 132 kwa 82.

"Daktari, kwa hivyo nimepona?" akamwuliza nesi.

Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo. Nesi akamrudishia kadi yake akasema, "Iko sawa mama. Endelea."

Nesi alikuwa na maana ya kuendelea na dawa. Lakini mama alisikia kwamba aendelee na maisha yake. Akaenda nyumbani na furaha. Vidonge vilivyobaki akampa shemeji yake, ambaye alikuwa akilalamika kichwa. "Chukua hizi shemeji, mimi zilinisaidia sana. Presha yangu imekwisha."

Miezi minne baadaye, asubuhi akikamua ng'ombe, kikombe kilimwanguka mkononi. Alitaka kumwita kijana wake, maneno yakakataa kutoka. Ilikuwa ni kiharusi. Leo anatembea na fimbo na mkono wa kulia hauna nguvu. Vitabu vya kikundi ameshika mtu mwingine. Na zile pesa wanakikundi walichanga za hospitali zilikuwa nyingi kuliko za vidonge alivyoviacha.

Jadilianeni:
a) Kosa lilitokea wapi? Je, ni la mama peke yake?
b) Kwa nini mama aliamini kuwa amepona?
c) Ni nani kati yetu amewahi kuacha dawa kwa sababu alijisikia vizuri? (Asilazimishwe mtu kujibu.)

2. PRESHA NI NINI?

Katika mazungumzo tunasema "huyu ananipa presha," tukiwa na maana ya wasiwasi au hasira. Ndiyo maana wengine hufikiri kuwa mtu mpole hawezi kupata ugonjwa wa presha. Si kweli. Presha tunayozungumza hapa ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa ikipita. Mtu mpole anaweza kuwa nayo, mnene au mwembamba, tajiri au maskini.

Mashine hutoa namba mbili. Ya juu ni nguvu wakati moyo unapopiga. Ya chini ni nguvu iliyobaki wakati moyo unapopumzika kabla ya kupiga tena. Kwa kawaida tunasema mtu mzima ana ugonjwa wa presha kama namba ya juu ni 140 au zaidi, au ya chini ni 90 au zaidi, akipimwa siku mbili tofauti.

Wengi hawasikii kitu chochote. Hakuna maumivu, hakuna homa. Lakini mwaka hadi mwaka ile nguvu inaharibu mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne alikuwa na presha ya juu. Na zaidi ya nusu ya watu wazima walikuwa hawajawahi kupimwa hata mara moja.

3. DAWA INAFANYAJE KAZI?

Fanyeni jaribio hili. Unganisheni paipu na mtungi, mwacheni maji yapite. Sasa mtu mmoja aifinye paipu katikati kwa vidole. Maji yaliyo nyuma ya vidole yanapata shida kupita, na ukiishika paipu upande ule utasikia imekaza. Akiachilia vidole, maji yanapita bila shida. Kiasi cha maji mtungini hakikubadilika. Kilichobadilika ni upana wa njia.

Mishipa yetu ya damu ni kama hiyo paipu, lakini yenyewe ina misuli midogo katika kuta zake. Misuli hiyo ikikaza, njia inakuwa nyembamba na presha inapanda. Ikilegea, njia inapanuka na presha inashuka.

Ni nini kinachokaza misuli hiyo? Ni madini ya kalsiamu, haya haya yaliyo katika maziwa na mifupa. Kila chembe ya msuli ina vilango vidogo sana. Kalsiamu ikiingia kwa vilango hivyo, msuli unakaza. Amlodipini inakwenda kuziba baadhi ya vilango hivyo. Kalsiamu inaingia kidogo, msuli unalegea, mshipa unapanuka, na moyo hausukumi tena kwa shida.

Usiogope maziwa kwa sababu hiyo. Dawa haiondoi kalsiamu mwilini wala haidhuru mifupa. Inazuia tu mlango wa misuli ya mishipa. Pia haipunguzi damu wala "haiifanyi kuwa nyepesi," kama wengine wanavyosema.

Sasa tuangalie jambo kubwa la somo hili. Dawa ni kama ule mkono ulioachilia paipu. Haikuondoa kile kitu kinachotaka kuifinya tena. Dawa ikiisha mwilini, vilango vinafunguka, misuli inakaza, na presha inarudi pale ilipokuwa. Kwa hivyo mashine ikisoma 132 kwa 82, haisemi kwamba umepona. Inasema dawa inafanya kazi yake.

4. NAMNA YA KUITUMIA

Mara moja kwa siku. Wengi huanza na miligramu 5. Wazee, watu wembamba sana na wenye ugonjwa wa ini wanaweza kuanzishiwa kiasi kidogo zaidi. Kiasi cha juu kabisa ni miligramu 10 kwa siku.

Chagua saa yako. Asubuhi au jioni, kabla au baada ya chakula, yote ni sawa. Jambo la maana ni saa ile ile kila siku. Wengine huunganisha na chai ya asubuhi, wengine na taarifa ya habari ya jioni.

Usitegemee matokeo ya siku moja. Dawa hii inaingia polepole na kutoka polepole. Inachukua kama wiki moja mpaka ikae sawasawa mwilini, na wakati mwingine zaidi kabla ya kuona faida yote. Ndiyo sababu si dawa ya kumeza "wakati presha imepanda" tu. Kumeza viwili kwa haraka hakutakusaidia dakika ile, na baadaye presha inaweza kushuka kupita kiasi.

Ukisahau. Meza ukikumbuka siku ile ile. Lakini kama zaidi ya saa 12 zimepita tangu saa yako, ruka hicho na usubiri saa yako ya kesho. Usimeze viwili kufidia.

Soma namba kila unaponunua. Hapa watu wengi wanaweza kukosea. Tuseme umezoea kumeza vidonge viwili vya miligramu 5. Siku moja duka la dawa linakupa vya miligramu 10. Ukiendelea kumeza viwili, umemeza 20, mara mbili ya kiasi cha juu! Rangi na umbo la kidonge hubadilika kutoka kiwanda kimoja hadi kingine, basi usiangalie rangi. Angalia jina, namba ya miligramu, na tarehe ya mwisho iliyo karibu na herufi EXP.

Zoezi: Kila mmoja achukue pakiti aliyoleta. Asome jina, miligramu na tarehe. Asiyeona vizuri asaidiwe na mwenzake. Dawa iliyopita tarehe irudishwe kituo cha afya au duka la dawa.

5. MATATIZO YANAYOWEZA KUTOKEA

Miguu kuvimba. Hili ndilo linalowafanya wengi kuacha, hasa wanawake na wanaotumia miligramu 10. Mishipa inayopeleka damu miguuni inapanuka zaidi kuliko ile inayoirudisha, na maji kidogo yanavuja kwenye nyama ya vifundo. Mara nyingi si hatari. Ukikaa, inua miguu juu ya kigoda. Kisha rudi kliniki ueleze. Wanaweza kupunguza kiasi au kubadilisha dawa. Usiiache kimya kimya nyumbani.

Kuumwa kichwa, joto usoni, moyo kudunda, uchovu. Haya huja zaidi siku za kwanza na mara nyingi hupungua yenyewe.

Kizunguzungu. Ukiamka usisimame ghafula. Kaa kwanza kitandani, kisha simama polepole.

Fizi kuvimba. Hutokea mara chache. Piga mswaki vizuri na uonyeshe kliniki.

Nenda hospitali bila kuchelewa ukiona: uso, midomo au ulimi umevimba, pumzi inakuwa fupi, miguu imevimba pamoja na kushindwa kupumua ukilala, mguu mmoja tu umevimba na unauma, unazimia, au kifua kinabana.

6. MWAMBIE DAKTARI MAMBO HAYA

Watu wengine huficha dawa nyingine wanazotumia kwa kuona aibu. Aibu hiyo inaweza kukuletea madhara. Sema kama:

- Unatumia dawa za kifua kikuu au za kifafa. Baadhi yake hupunguza nguvu ya amlodipini.
- Unatumia dawa za virusi vya ukimwi, au za ukungu za kumeza. Baadhi yake huiongeza nguvu kupita kiasi.
- Unatumia simvastatini ya kupunguza mafuta katika damu. Kiasi chake huwekewa mpaka ukitumia pamoja na amlodipini.
- Unanunua mara kwa mara dawa za maumivu kama diklofenaki au ibuprofeni kwa ajili ya magoti na mgongo. Hizi zenyewe hupandisha presha.
- Unakunywa dawa za miti shamba. Taja jina lake, au beba kidogo uonyeshe.
- Una ugonjwa wa ini au wa vali ya moyo.
- Una mimba, unanyonyesha, au unatarajia kupata mimba. Mama mjamzito mwenye presha lazima aonwe kliniki mapema. Dawa zingine za presha, kama enalapili na losatani, zinaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Na weka dawa juu, mahali ambapo watoto hawafiki. Hata kidonge kimoja au viwili vya aina hii vinaweza kuhatarisha maisha ya mtoto mdogo. Akimeza, usimtapishe. Mkimbize hospitali mara moja na pakiti mkononi, hata kama anacheza na anaonekana mzima.

7. MASWALI YANAYOULIZWA VIJIJINI

Nimeongezewa dawa ya pili. Je, hali yangu imekuwa mbaya sana?
Hapana. Watu wengi huhitaji dawa mbili. Mwaka 2019 yalitolewa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwa mojawapo, kwa wagonjwa 728. Waliopewa dawa mbili, moja yake ikiwa amlodipini, walishuka presha vizuri zaidi kuliko kundi lililopewa dawa mbili zisizo na amlodipini. Kuongezewa ni njia ya kusaidiana, kama jembe na panga. Kila moja ina kazi yake.

Jirani ana presha kama mimi. Naweza kumgawia vidonge vyangu wakati hana?
Usifanye hivyo. Yeye anaweza kuwa na kiasi tofauti, ugonjwa mwingine, au mimba. Na wewe utapungukiwa kabla ya mwezi kuisha. Shemeji katika hadithi yetu alikuwa na maumivu ya kichwa tu, na hakupimwa. Ukimpenda jirani, mpe nauli ya kwenda kupimwa.

Nikipunguza chumvi, si naweza kuacha dawa?
Punguza chumvi ndiyo, maana inasaidia dawa kufanya kazi. Shirika la Afya Duniani linashauri chumvi isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, kama kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na ile iliyo ndani ya viungo vya paketi na mkate. Usiongeze chumvi mezani. Tembea, punguza pombe, acha sigara. Presha ikishuka sana, daktari anaweza kupunguza dawa. Lakini apunguze yeye, usipunguze wewe.

Niliombewa na najisikia mzima. Niache?
Maombi na dawa havipigani. Endelea na yote mawili, na uende ukapimwe. Kujisikia mzima si kipimo, kwa sababu hata presha ikiwa juu wengi hujisikia wazima.

Je, nitazoea dawa mpaka nishindwe kuiacha, kama mlevi?
Hapana. Dawa hii haileti uraibu. Unaihitaji kama vile mwenye macho dhaifu anavyohitaji miwani. Akiivua, macho hayaoni, lakini si miwani iliyoyaharibu.

8. KIKUNDI KINAWEZA KUFANYA NINI?

Chagueni mambo mawili au matatu kati ya haya, mwandike kwenye kitabu cha kumbukumbu.

Kupimana. Mwulizeni mhudumu wa afya wa kijiji chenu kama ana mashine, aje siku ya mkutano. Anayepimwa akae kwanza dakika tano bila kuongea, mgongo umeegemea, miguu chini bila kupishana, mkono umewekwa mezani usawa wa moyo. Asiwe amevuta sigara wala kunywa kahawa au chai ya majani nusu saa kabla. Namba iandikwe kwenye kadi yake. Namba ya mtu ni siri yake, isitangazwe.

Mfuko wa dawa. Watu wengi huacha dawa kwa kukosa pesa wiki ya mwisho ya mwezi. Kikundi kinaweza kutenga kidogo katika mchango wa kila mwezi, mwanachama akope anunue na kurudisha bila faida. Kila mtu anunue ile aliyoandikiwa yeye.

Mwenzi wa dawa. Wawili wawili, kila mmoja amkumbushe mwenzake siku ya kurudi kliniki, na kumwuliza mara moja kwa wiki, "Vidonge vimebaki vingapi?" Vikibaki vya siku saba, ni wakati wa kutafuta vingine.

Nauli ya dharura. Kubalianeni mapema ni pikipiki au gari la nani litaitwa usiku. Uso ukipinda, mkono mmoja ukikosa nguvu, au maneno yakivurugika, hicho ni kiharusi mpaka daktari aseme sivyo. Msimpe mgonjwa chai wala kidonge. Angalieni ni saa ngapi ilianza, kisha mwondoke. Vivyo hivyo presha ikisoma 180 kwa 120 au zaidi pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi, au macho kutoona vizuri.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Presha ya juu mara nyingi haina dalili. Mashine tu ndiyo itakwambia.
2. Amlodipini inalegeza misuli ya mishipa ili damu ipite kwa urahisi.
3. Kidonge kila siku, saa ile ile, kwa kiasi ulichoandikiwa.
4. Soma miligramu kila unaponunua.
5. Usigawe, usikope, wala usimeze viwili kufidia.
6. Miguu ikivimba, rudi kliniki. Usiache mwenyewe.
7. Presha ikishuka, ni dawa inafanya kazi.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila mmoja amweleze mtu mmoja nyumbani habari ya paipu na vidole. Anayemeza dawa ahesabu vidonge vyake na kuandika tarehe vitakapokwisha.

Na tukumbuke yule mweka hazina. Aliuliza swali zuri, lakini aliondoka na neno moja tu. Siku nesi atakapokwambia "endelea," usione aibu hata kama foleni ni ndefu. Mwulize, "Daktari, niendelee na nini? Kiasi gani? Mpaka lini?" Subiri jibu, kisha ndipo uchukue kadi yako uende nyumbani.